Usukani Wenye Meno

Ujumbe wa sauti wa Olga uliingia Alhamisi asubuhi, nikiwa nimekaa kizingitini namnyonyesha mwanangu Kirezi. Kizingitini njo mahali pekee nyumbani kwetu, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambapo simu inapata mtandao.

"Mama Kirezi, jambo. Sikia, mi sijui nikuambie je. Ile picha yako tumeifungua hapa ku biro, kwa ekra kubwa. Usukani iko na meno. Meno, mama! Kama musumeno. Madam ameangalia, ameuliza kama ni chuma ao ni mugongo ya mamba. Kesho saa tisa banatuma picha kwa mwenye kuchapa bango. Kama haiko sawa, kazi yote anamupatia mutu mwingine. Yote, unasikia? Mi njo nilikuleta. Usinipatishe haya."

Nikausikiliza mara tatu, kama vile mara ya tatu maneno yangebadilika. Kirezi akaliachia ziwa, akakohoa kile kikohozi chake kikavu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekohoa, akarudi kunyonya.

Kazi yote ilikuwa picha kumi na mbili. Olga, tuliyeimba naye kwaya moja kabla hajapata kazi Lilongwe, ni sekretari wa karakana moja ya Area 23 kulekule; huyo Madam ndiye mwenye karakana. Hapo wanatengeneza kiti cha kabaza: kiti cha nyuma cha baiskeli ya abiria, chenye egemeo na vishikio viwili, ili mama mwenye mtoto asikae kama gunia la mkaa. Kiti chenyewe kilikuwa bado kimoja tu, hakijapakwa hata rangi, na maonyesho ni mwezi ujao. Kwa hiyo walitaka picha za kompyuta. Moja kubwa ya bango, kumi na moja za kijitabu. Ile ya bango njo ilikuwa mtihani wangu.

Nikianguka, Jumatatu narudi kwenye ganyu, kibarua cha tumbaku, huko mashambani upande wa Dowa. Mwezi uliopita nilifanya wiki tatu kule, nafunga majani na mtoto mgongoni, kwa kuwa wa kumwachia sina. Vumbi lile likamkalia Kirezi kifuani, na halijatoka. Nesi aliniambia neno moja tu: usimrudishe kule. Nilimjibu ndiyo. Ndiyo ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwenye benchi ya hospitali.

Nikamlaza mtoto mkekani, nikafungua kompyuta.

Baiskeli ya kwenye picha ni ya mume wangu, Cishahayo, ambaye ni mwendesha kabaza. Niliipima yote kwa utepe wa fundi nguo, spoki kwa spoki, siku mbili nzima, yeye amesimama pembeni ananung'unika. "Wee Arlène, unapima baiskeli ao unapima jeneza? Bateja banakimbia!" Lakini ilipokamilika ndani ya kompyuta aliinama akaitazama muda mrefu, akasema imekuwa nzuri kuliko yake, haina hata pancha.

Sisi wa darasa la jioni la picha za kompyuta tunasema kupika picha. Unaunda kitu, unakiwekea taa, halafu kompyuta inakaa inahesabu mwanga, nukta baada ya nukta, mpaka picha iive. Na katika picha ile, kitu nilichojivunia kuliko vyote ni mstari wa mng'ao juu ya usukani. Mwembamba kama uzi wa kushonea, unatoka mkono wa kushoto, unapinda, unaishia kulia. Huo uzi njo unaomwambia mtu kwamba hiki ni chuma.

Nikaukuza. Olga hakudanganya. Uzi ulikuwa na vidato vidogo vidogo, kama ngazi. Kwenye kioo cha kompyuta yangu vilionekana kwa mbali, kijivu juu ya kijivu kingine, ndiyo maana nilivipita siku zote nisivijali.

Dawa ya vidato tulifundishwa. Unaongeza sampuli, yaani mara ngapi kompyuta ichungulie kila nukta kabla ya kuamua rangi yake. Mimi nilikuwa nimeweka mia mbili. Nikaweka elfu mbili, nikabonyeza, nikaanza kungoja.

Ilipika kwa muda wa saa tano. Batri ya sola ikawa inashuka, mimi naizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nikafua, nikaanika, nikarudi kuangalia. Nikapika nsima, ugali wa huku, nikarudi kuangalia. Ilipoiva nikakuza palepale kwenye usukani.

Meno yalikuwepo. Tena yamependeza, kila jino limesimama peke yake, kama yamepigwa mswaki.

Nikamfunga Kirezi mgongoni, nikaenda mbio kwa mwalimu wetu Télesphore, ambaye mchana ni fundi suti. Nilimkuta na pini mdomoni.

"Mwalimu, nimeweka elfu mbili, haijabadilika."

"Weka elfu nne," akasema kupitia pini.

"Batri haifiki."

"Punguza mwanga ya ekra."

"Niko kijiti cha pili cha mwanga tayari, mwalimu."

"Basi weka cha kwanza! Mama Kirezi, kwani ekra njo inapika picha? Inapika paka mashine, mashine peke yake. Ekra ni ya kutazama tu."

Hiyo ni sheria yake tangu siku ya kwanza. Ubaoni ameiandika kwa chaki na haifutwi: SHUSHA MWANGA, LINDA BATRI. Darasa letu lote linafanya kazi na vioo vyenye giza, tumeinamisha nyuso kama watu wanaochambua mchele. Hakuna aliyeona ajabu.

Elfu nne sikuweka. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu ile elfu mbili ilikuwa imenionyesha kitu: kwamba nilikuwa naongeza nguvu kwenye kitu ambacho hakihitaji nguvu. Nikaenda kupanga foleni ya karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Nilisimama hadi jua likashuka, na jioni nilikuwa nayo mkononi, ya siku moja, Ijumaa, kurudi kabla ya giza.

"Unaenda kufanya nini kule?" Cishahayo akaniuliza. "Wamesema picha ni mbaya. Utaenda kuwaambia ni nzuri?"

"Naenda kuona wanachokiona wao."

"Na kama huwezi kuitengeneza?"

Nikaendelea kukunja nepi.

*

Saa nne asubuhi nilikuwa Area 23. Olga alinipokea getini kwa mabusu matatu na sura ya msibani.

"Karibu, mama. Kirezi, uko muzuri? Mbona anakohoa hivi? Ingia, ingia. Madam iko pale nyuma na mafundi. Tuko na saa tano. Saa tano tu, Arlène."

Akaniongoza hadi mezani, akachomeka kompyuta yangu kwenye umeme, akavuta waya akaiunganisha na ile ekra yao kubwa ukutani. Nikafungua picha.

Nilitamani kuifunga tena. Ukutani palikuwa na baiskeli iliyopigwa na radi. Kiti kimeungua kwa weupe, vishikio vimeungua, spoki zinaonekana kama mistari ya chaki, na juu ya usukani, pale nilipoweka uzi wangu, kulikuwa na msumeno mweupe wa kukata mbao. Nikageuka nikatazama kompyuta yangu mezani: picha ileile, laini, ya kijivu, ina utulivu wa jioni. Nikatazama ukuta. Nikatazama meza. Faili moja.

"Unaona sasa?" Olga akasema polepole. "Mi sikukuwa nakutesa."

Madam Mwangonde akaingia akifuta mikono kwa tambara. Mwanamke mrefu, mwenye ovaroli ya buluu na viatu vya heshima. Nikasimama, nikaanza kutafuta Kichewa changu kidogo, akanikatiza kwa Kiswahili.

"Kaa, dada, kaa. Mimi mtu wa Karonga, Kiswahili nimekinywa pamoja na chai ya Watanzania. Huyu ndiye mtoto? Zikomo, asante kwa kumleta, huyu ndiye mteja wetu." Akamshika Kirezi shavu. Kisha akageukia ukuta na sauti ikabadilika. "Sasa hiyo. Bango lina mita tatu. Kila jino litakuwa kama kidole changu. Ulikuwa unaangalia wapi ulipoituma?"

Hapo ndipo nilipodanganya. Uongo ulitoka kabla sijaufikiria.

"Kompyuta ilikuwa na hitilafu, Madam."

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi tengeneza. Saa tisa naituma hiyo au ya mtu mwingine. Kuna kijana wa Area 49 naye ameniletea yake. Si nzuri kama baiskeli yako, lakini haina meno." Akatoka.

Olga akanitazama. "Hitilafu gani?"

"Ngoja, Olga. Ngoja kwanza."

Nikafungua sehemu ya taa. Nguvu: elfu nane. Nikaisoma kwa sauti, Olga akapiga mluzi ingawa hakujua maana yake. Taa moja, ndogo kama chungwa, yenye nguvu ya kuangaza uwanja wa mpira, nimeining'iniza juu ya baiskeli ya mume wangu. Kwa siku zote zile, kila nilipoona picha ni nyeusi niliongeza taa kidogo. Ikiwa bado nyeusi, naongeza tena. Wala picha haikuwa nyeusi. Kioo changu ndicho kilichokuwa kwenye kijiti cha pili cha mwanga.

Nikapandisha vijiti vyote vya kioo changu. Kumbe viko kumi na sita. Kompyuta ikaniangaza usoni hadi Kirezi akafumba macho.

Nikashusha taa kutoka elfu nane hadi mia tatu, nikapika picha ndogo ya haraka. Meno yakatoweka. Olga akapiga makofi. "Hallelujah! Madam! Madam, kuya uone!"

Madam akaja, akasimama mikono kiunoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaona kabla hajafungua mdomo.

"Meno hakuna," akasema. "Na chuma hakuna. Hilo ni bomba la maji la plastiki. Nani atamkalisha mtoto wake juu ya bomba?"

Ilikuwa saa sita kasoro.

Akatoka akarudi na usukani wa kweli, mpya, bado una karatasi ya kiwandani upande mmoja. Akaubwaga mezani mbele yangu. "Hiki ndicho chuma. Nataka hiki." Akaenda zake.

Nikapandisha taa hadi elfu mbili: meno yakaanza kuchungulia, machache, pale usukani unapopinda. Elfu moja: mng'ao wenye ugonjwa, si laini wala si mkali. Mia nane. Elfu moja na mia mbili. Nikawa kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu. Kila jaribio dakika tano, na saa ya ukutani ipo palepale juu ya ekra, hata nisipotaka nitaiona.

"Arlène, kunywa maji," Olga akasema.

"Sitaki maji."

"Muangalie mutoto basi."

Kirezi, niliyempakata, alikuwa ameuvuta usukani kwa mikono miwili, ameuingiza mdomoni, anaulamba kwa bidii, udenda unachuruzika hadi kwenye kibodi. Nikamnyang'anya, akalia, nikambeba begani huku naupangusa usukani kwa chitenje nilichombebea. Nikaupangusa upande mmoja, nikaugeuza dirishani nione kama udenda umeisha.

Kulikuwa na mng'ao juu yake. Mstari uleule niliokuwa nautafuta. Lakini haukuwa uzi. Ulikuwa mpana kama utepe, na katikati yake, ukiinamia vizuri, ulipitwa na kivuli chembamba. Nikausogeza. Kivuli kikasogea. Nikatazama dirisha: lina nondo moja katikati. Ule utepe ulikuwa ni dirisha lenyewe, zima, limejikunja juu ya chuma. Na pembeni halikukatika ghafla. Lilififia: nyeupe, kijivu cheupe, kijivu, kisha chuma.

Kijivu. Hicho ndicho picha yangu ilichokosa.

Hapo nikaelewa jambo ambalo darasani hatukuwahi kuulizana. Nukta ya pembeni, ile iliyo nusu kwenye mwanga na nusu kwenye giza, inatakiwa ichanganywe iwe kijivu, ili jicho liteleze. Lakini taa ikiwa kali kupita kiasi, hakuna nusu. Ni kama ile pilipili ndogo ya kwetu. Tia nzima kwenye sombe, yaani kisamvu, au tia kipande kama ukucha, sufuria yote inawaka moto sawasawa. Kompyuta inachungulia mara mia, mara tisini na tisa inaona giza na mara moja inaona taa yangu ya elfu nane, na hiyo moja inatosha kuijaza nukta nzima weupe. Ningechungulia hata mara milioni, pilipili ni ileile.

"Olga, mshike mtoto."

"Nini?"

"Mshike!"

Nikaifuta ile taa ya chungwa. Nikaweka taa nyingine, pana, yenye umbo la dirisha lao, nguvu mia nne, imesimama kando. Kisha nikaenda kwenye kisanduku kimoja ambacho nimekiona tangu siku ya kwanza na sikuwahi kukigusa, cha kuweka kikomo cha mwangaza. Chetu sote darasani kina sifuri, na sifuri maana yake hakuna kikomo. Nikakipa kikomo: mchungulio wowote utakaoleta mwanga kupita hapa, ukatwe kwanza, ndipo uchanganywe na wenzake. Pilipili ipimwe kabla ya kuingia sufuriani.

Saa saba na dakika ishirini nikabonyeza kupika picha kubwa. Kompyuta ikaandika: saa moja na dakika tano.

Hakukuwa na nafasi ya kujaribu mara mbili.

Nikakaa chini sakafuni, nikampa Kirezi ziwa. Maziwa yalikataa kwanza. Mwili nao unajua hofu. Olga akakaa karibu yangu na sketi yake ya ofisini, akavua viatu.

"Utamwambia nini juu ya hitilafu?" akanong'ona. "Atauliza tena. Huyu mama anaulizaka kitu mara mbili."

"Sijui."

"Mwambie ilikuwa virisi ya kompyuta. Virisi, bantu bote banaamini."

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Nikimwambia Madam kwamba sina umeme, kwamba ninafanya kazi yake kwenye giza ili batri isife, ataniamini vipi na picha kumi na moja? Na nisipomwambia, nitarudi Dzaleka nitafanya vilevile, maana kijiti cha pili nimekizoea kama chumvi.

Saa nane na nusu picha ikaiva. Madam alikuwa ameshasimama nyuma yetu; sikumsikia akiingia. Akachukua kipanya mwenyewe. Akaukuza usukani mara moja, mara mbili, mara nne, mpaka ukajaa ukuta. Utepe wa mng'ao ulitoka kushoto, ukapinda polepole, ukafifia pembeni bila kukwaruza popote. Akafuata kila inchi. Akaenda kwenye spoki, akazifuata moja moja. Nilikuwa nahesabu pumzi za Kirezi.

"Hii nitatuma," akasema hatimaye. Olga akaenda mbio kwenye mashine yake. "Sasa niambie. Ile hitilafu ya kompyuta. Imepona kweli? Sitaki kuona meno mara kumi na moja."

Olga alinitolea macho: virisi, virisi.

"Haikuwa kompyuta, Madam. Ni mimi." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Umeme ni wa batri. Sisi tunashusha mwanga wa kioo ili ifike mbali. Nilikuwa naona giza, basi naongeza taa. Sikujua."

Olga akawa ghafla na karatasi nyingi za kupanga.

"Kwa hiyo hukuwa umeiona picha yako," Madam akasema.

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na hizo zilizobaki utazifanyia wapi? Gizani?"

"Kupika nitapika gizani, mashine haihitaji macho. Kutazama nitatazama na mwanga wote. Nikitazama saa moja na nusu tu, batri inabakiza nguvu ya kupika. Kila siku saa moja na nusu ya kuona, hizo nyingine za kupika." Nilikuwa nabuni mpango hapohapo, na wakati nasema nikasikia kwamba unawezekana.

Kirezi akakohoa. Madam akainama, akamrekebishia kofia.

"Kumi na moja sikupi," akasema. "Nakupa moja kwanza, ya pedali. Pedali ina vipande vidogo vinavyong'aa kuliko usukani, nimeshaona watu wakishindwa. Iwe hapa Jumanne, uje nayo mwenyewe, tuitazame kwenye ukuta huu. Ikipita, nakupa inayofuata. Moja moja, hivyo hivyo, mpaka ziishe. Yule kijana wa Area 49 nitamwambia asubiri, simwambii aende."

"Sawa, Madam. Zikomo kwambiri."

Jumanne. Moyoni nilishaanza kupanga foleni ya ruhusa nyingine, na kuhesabu: Jumamosi kuunda, Jumapili baada ya ibada kuweka taa, Jumatatu kupika, Jumatatu hiyohiyo wenzangu wanapanda lori la tumbaku na mimi simo. Kama pedali itapita. Kama jua litawaka na batri ijae.

"Madam," nikasema mlangoni. "Naomba pedali yenyewe. Niitazame."

Akanyanyua nyusi, akamwita fundi. Ililetwa moja, nzito, ina mafuta. Nikaifunga kwa nepi safi kwa kuwa sikuwa na kitu kingine, nikaitia kwenye mfuko wa nepi, juu kabisa, nikatoka na mtoto wangu kifuani kutafuta gari la kurudi Dzaleka. Njiani niliifungua mara mbili, nikaielekeza juani, nikatafuta pale ambapo nyeupe inageuka kijivu.